Jembe la Siku ya Tatu

Katika Uwanja wa Ndege wa Mfalme Khalid, mjini Riyadh, hushuka wageni wengi kutoka Afrika ya Mashariki. Wachukuliwe wawili kwa mfano. Wa kwanza ni mhadhiri wa historia, aliyealikwa na kituo cha utafiti kwa miezi mitatu. Ana barua ya mwaliko, ana tiketi ya kurudi, na huko anakokwenda ameshatengewa meza, chumba cha kulala na kitambulisho cha maktaba. Wa pili ni mwanamke kijana kutoka Kilifi, au Mbale, au Singida, aliyepatiwa na wakala wa ajira kazi ya nyumbani. Huenda ndani ya ndege walikaa viti vya jirani na kuzungumza Kiswahili njia nzima. Mbele ya dirisha la uhamiaji wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja ameingia nchini kwa jina la mwenyeji wake. Baada ya dirisha hilo njia zao hutengana, na yumkini wasionane tena.

Mfano huu unaleta swali ambalo wasomi wanaoalikwa ughaibuni hulizungumza faraghani zaidi kuliko hadharani. Mtafiti mgeni anadaiwa nini na aliyemkaribisha? Na deni hilo likigongana na lile alilo nalo kwa aliyeshuka naye, lipi litangulie?

Riyadh na Jeddah zina mengi ya kumpa mtafiti wa historia ya Waswahili. Kituo cha Mfalme Faisal cha Utafiti na Masomo ya Kiislamu kilianzishwa Riyadh mwaka 1983. Kina maktaba kubwa na hazina ya miswada, na hupokea watafiti wageni kutoka nchi mbalimbali. Katika mji huohuo, Dara ya Mfalme Abdulaziz, iliyoundwa mwaka 1972, huhifadhi nyaraka za historia ya Bara Arabu. Jeddah kuna Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, kilichofunguliwa mwaka 1967, na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyoanza kazi mwaka 1975 na ambayo imesomesha vijana wengi wa Kiislamu, wakiwamo wa nchi zisizo wanachama kama Kenya na Tanzania. Mwaka 2022 Tuzo ya Mfalme Faisal ya kuutumikia Uislamu alipewa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, pamoja na mwanachuoni wa Misri, Hassan al-Shafie. Uhusiano huu, kwa hiyo, haujabakia katika masimulizi ya majahazi. Una ofisi, una bajeti, na una orodha ya waalikwa.

Wala kualikwa si jambo geni kwa wanavyuoni wa pwani. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, aliondoka Unguja katika miaka ya 1880 akiwa tayari amekwisha kushika ukadhi. Alikaa Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, akapita Misri na Makka, kisha akarudi Unguja kuendelea na ukadhi hadi kufariki kwake mwaka 1925. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut, na aliporejea akafungua chuo chake Ukutani, mjini Unguja. Hawakujaza fomu, wala hawakutakiwa kuandika ripoti ya mwisho. Waliishi kwa fadhila za walimu na jamaa, na kwa wakfu zilizowekwa na watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Hapo kwenye wakfu panafaa kusimama kidogo. Miji ya Makka na Madina ilikuwa na ribati nyingi, nyumba za kuwapokea mafakiri na wanafunzi wa kutoka mbali. Wakfu si mali isiyo na sharti. Mafakihi wanasema kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama matini ya sheria: akisema nyumba ni ya wajane, haiwi ya wanafunzi; akisema ni ya watu wa nchi fulani, wengine hawana haki nayo. Lakini sharti hilo limeandikwa, linaweza kusomwa na yeyote, na aliyeliandika hawezi kulibadili kila akikasirika. Na kwa kauli inayofuatwa na Mashafi, mali ikishawekwa wakfu milki yake humtoka mwenyewe ikahamia kwa Mwenyezi Mungu. Mwanafunzi anayelala humo anajua anachodaiwa: kutimiza sharti, kumwombea dua aliyetoa, na kusoma. Hadaiwi kumsifu, kwa kuwa aliyetoa ameshaondoa mkono.

Jeddah ya kale ilikuwa na mfano wa aina nyingine. Nyumba ya Nasif, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, ilikuja kuwa makazi ya Sheikh Muhammad Nasif, aliyekusanya humo maktaba iliyowapokea wanavyuoni na wasafiri wengi. Nyumba hiyohiyo ndiyo aliyofikia Mfalme Abdulaziz alipouingia mji mwezi Desemba 1925. Chini ya dari moja walipokewa mtawala na mtafuta vitabu. Baada ya Sheikh Nasif kufariki mwaka 1971, vitabu vyake vilihamia Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, na nyumba ikabaki kuwa kumbukumbu ya mji. Hadithi ya vitabu hivyo ndiyo hadithi ya ukarimu wenyewe: kilichokuwa sebuleni kwa mtu kimehamia kwenye taasisi. Taasisi haimjui mgeni kwa uso. Humjua kwa maombi aliyoyatuma, na hapo ndipo maneno ya fadhila na shukrani yanapoanza kubadilika maana.

Afrika ya Mashariki ilipata somo chungu juu ya jambo hili. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka, na alikuwapo mwanafunzi mmoja wa chuo hicho aliyeitwa wakati ule James Ngugi, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Gharama zilitolewa na Congress for Cultural Freedom, shirika lenye makao Paris, ambalo pia lilisaidia jarida la *Transition* lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961. Miaka michache baadaye magazeti ya Marekani yalifichua kwamba fedha za shirika hilo zilitoka kwa siri kwa shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA. Waandishi wale walikula karamu bila kumjua mpishi.

Je, walikosa? Ni vigumu kumlaumu mtu kwa deni asiloambiwa kuwa analo. Na kazi zao hazikuwa propaganda ya mtu yeyote. Neogy mwenyewe alitiwa gerezani mwaka 1968 na serikali ya Uganda kwa sababu jarida lake lilisema wazi kupita lilivyoruhusiwa. Hata hivyo mwaliko ule ulikuwa na sharti moja lililokaa wazi mlangoni: ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki dunia mwezi huohuo, hakuwa na kiti katika mkutano wa waandishi wa bara lake. Aliyelipa hakuhitaji kumwamuru mtu aandike nini. Ilitosha kuchagua nani aingie, na kwa lugha gani. Hayo yakumbukwe na kila anayedhani kwamba fedha za Magharibi huja mikono mitupu, bila haja yoyote, na kwamba za Waarabu peke yake ndizo zenye haja.

Kwa hiyo kuna mikoba ya namna tatu. Upo ule ambao sharti lake limeandikwa na mwenyewe ameuachia, nao ni wakfu. Upo ule ambao mwenyewe amefichwa, nao ni wa Kampala. Na upo wa tatu, ambao mwenyewe anajulikana na jina lake limeandikwa langoni, ila sharti lake halikuandikwa popote. Ufadhili mwingi wa leo ni wa namna hii ya tatu, uwe Riyadh, uwe Doha, uwe Berlin au Boston.

Katika Riyadh, sharti lisiloandikwa humkuta mtafiti wa Uswahilini mahali mahususi. Akiwa anachunguza safari ya hija ya Sultani Barghash ya mwaka 1872, hakuna atakayemzuia. Lakini akiwa anachunguza maulidi ya Lamu na ziara za makaburi ya masharifu, anakuta kwamba sehemu ya historia hiyo ilivunjwa kwa nyundo: makuba ya makaburi ya Baqii, Madina, yalibomolewa katika miaka ya 1920 baada ya Hijazi kuingia chini ya utawala wa Saudi, na yale ambayo Lamu huyaita mapenzi kwa Mtume, mafundisho yaliyotawala huko kwa miongo mingi yaliyaita bidaa. Je, aandike neno gani? Na akiwa anaandika juu ya mahusiano ya leo ya Afrika ya Mashariki na Bara Arabu, je, amtaje yule aliyeshuka naye uwanjani?

Wapo wanaojibu kwa mkato: mtu mwadilifu asiende kabisa. Baada ya mwandishi Jamal Khashoggi kuuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, mwezi Oktoba 2018, baadhi ya taasisi za utafiti za Washington, ikiwamo Middle East Institute, zilitangaza kwamba hazitapokea tena fedha za serikali ya nchi hiyo. Uamuzi huo una heshima yake. Lakini aliyekataa chungu kimoja alikuwa na vyungu vingine jikoni. Mhadhiri wa chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki, ambaye darasa lake lina wanafunzi mia tatu na ambaye nauli ya kwenda kwenye nyaraka hana, akiambiwa akatae kila mkono wenye doa ataishia kuandika historia yake kwa kunukuu waliokwenda. Usafi wa namna hiyo una gharama, na mara nyingi anayeulipia siye anayeuhubiri.

Wapo pia wanaojibu kinyume chake: kila fedha ina doa, basi doa si hoja, kula, shukuru, nyamaza. Ukila na kipofu, wanasema, usimguse mkono. Methali hii hutumiwa vibaya. Inamfunza mlaji asimshtue aliye naye mezani. Haimfunzi kutangaza kwamba mwenziwe anaona. Baina ya kunyamaza na kusema uongo kuna umbali, na ndani ya kunyamaza kwenyewe kuna daraja zake.

Kuna kunyamaza kwa adabu. Mgeni hasemi kila analoliona siku analoliona, hasa akiwa bado hajaelewa. Kuna kunyamaza kwa woga. Katika nchi ambayo watu wamefungwa kwa sababu ya waliyoyaandika mitandaoni, woga si aibu, na aliye mbali na hatari hana haki ya kumwita mwenziwe mwoga. Na kuna kunyamaza kwa malipo. Kwa nje namna hizi tatu hufanana. Kinachozitenganisha ni wakati. Adabu hukoma mgeni anapoaga. Woga hupungua anapofika kwao. Malipo hayakomi, kwa sababu mgeni anatarajia kualikwa tena. Kwa hakika sharti lisiloandikwa halimo katika mwaliko wa kwanza. Limo katika tamaa ya mwaliko wa pili, na anayeliandika si mwenyeji bali ni mgeni mwenyewe, usiku, anapofuta aya ambayo hakuna aliyemwomba aifute.

Hilo lina umuhimu katika kupima lawama. Ni rahisi kumlaumu mwenyeji kwa kila kimya cha mgeni. Lakini mwenyeji mara nyingi hajui hata kilichofutwa, na huenda angelijua asingelikasirika. Kituo kile cha Riyadh kina jina la Faisal, na Faisal huyohuyo, akiwa waziri mkuu kabla ya kuwa mfalme, ndiye aliyetangaza kufutwa kwa utumwa nchini humo mwezi Novemba 1962. Mtafiti wa Afrika ya Mashariki anayeandika juu ya watumwa waliovushwa bahari kupelekwa Hijazi hahitaji kuandika kwa kunong'ona ndani ya nyumba yenye jina hilo. Anaweza kuanza na tangazo lenyewe, kisha akauliza lilimkuta nani, na lilimwacha nani. Historia ya mwenyeji mara nyingi ina mlango uliokwisha kufunguliwa, na mgeni husimama nje akisubiri ruhusa ambayo hakuna anayemnyima.

Sasa arejewe yule mwanamke. Kazi yake iko chini ya mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta. Mageuzi ya sheria za kazi yaliyoanza Machi 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengi wageni kubadili mwajiri na kutoka nchini, hayakuwagusa wafanyakazi wa majumbani. Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya wanawake wa Kenya wanaofanya kazi hizo Saudi Arabia. Ilieleza saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiwa, pasipoti zilizochukuliwa na matusi ya rangi. Si kila nyumba ni hivyo. Wapo waliorudi wakiwa wamejenga, wakiwa wamesomesha wadogo zao, na wanaowakumbuka waajiri wao kwa wema. Lakini wema wa nyumba moja si haki, kwa kuwa haki haitegemei mtu ameangukia mlango gani.

Mtafiti na mfanyakazi wote ni wageni, na lugha ya ukarimu hutumika kwa wote wawili. Tofauti yao si ya utu bali ya kile kila mmoja anachokishika mkononi: mmoja ana kalamu na tiketi ya kurudi, mwingine huenda hata pasipoti yake haishiki. Deni la mtafiti kwake si kupiga kelele barazani kwa mwenyeji. Si kuwa mwandishi wa habari ikiwa fani yake ni miswada ya karne ya 18. Ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi: asiandike habari za mahusiano ya pande hizi mbili kana kwamba mahusiano hayo ni ya masultani, masheikh na wahadhiri peke yao. Makala inayoanza na pepo za kaskazi na kusi na kuishia kwenye ukumbi wa semina, bila kupita jikoni, haijasema uongo hata sentensi moja. Uongo wake umo katika ujumla wake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutajwa kumkumbusha mgeni asichoshe watu. Lakini inasema pia jambo juu ya heshima. Aliyeketishwa mkekani kwa kahawa na tende haoni ila sebule. Aliyepewa jembe huingia shambani, akajua udongo ulipochoka na magugu yalipo; na jioni, wenyeji wakizungumza habari za shamba, naye ana neno. Kumpa mgeni jembe ni kumtoa katika kusifu na kumwingiza katika kujua. Mwenyeji wa wasomi anayetaka wageni wa kusifu tu amewanyima jembe. Na mgeni asiyeliomba, akaridhika na mkeka, asimsingizie mwenyeji.

Jembe la mtafiti ni kazi iliyo kweli. Ndiyo shukrani inayomfaa mwenyeji, hata kama haimfurahishi, kwa kuwa sifa za mgeni aliyelipwa hazina bei sokoni. Inamlazimu mtafiti aseme wazi alialikwa na nani na kwa gharama ya nani, ili msomaji apime mwenyewe. Inamlazimu akiri aliloliacha, pale ambapo kukiri hakumhatarishi mtu. Na inamlazimu aiandike aya ile aliyoifuta, angalau akishafika kwao.

Lakini mla cha mwenziwe na chake huliwa. Lamu kuna msikiti na chuo cha Riyadha, vyenye jina linalokaribiana sana na la mji ule mkuu. Habib Saleh, aliyekiasisi chuo hicho, alikuwa mgeni aliyetoka Ngazija, na aliwafundisha hata watu wa asili ya utumwa, jambo lililowachukiza baadhi ya waungwana wa mji. Chuo chake kimewapokea wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Pwani, basi, inajua kuwa mwenyeji. Na ipo siku mtafiti kutoka Jeddah atabisha hodi, Lamu au Unguja, akitaka kuandika juu ya nani alikaa safu gani msikitini, au juu ya yaliyotokea Januari 1964 na miezi iliyofuata. Atapewa chumba, bila shaka, na chai. Kama atapewa jembe, hilo ndilo litakaloonyesha iwapo malalamiko juu ya wenyeji wa ng'ambo yalikuwa ya kupenda ukweli au ya kutopenda tu kuwa mgeni.

Miezi mitatu ikiisha, mhadhiri hurudi uwanjani. Kitabu chake kikitoka, kitakuwa na ukurasa wa shukrani, na jina la kituo litakuwa mstari wa kwanza, kama inavyostahili. Hakuna kosa katika mstari huo. La kuangalia ni kurasa zinazoufuata: iwapo jirani yake wa kwenye ndege ana mahali humo.